Asili au Makuzi? Uhakiki wa Mhusika wa Sayari-Jiji katika Mchezo wa Dark Heresy kwa Kipimo cha Kanzenze, Rubavu

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna mchezo wa kuvaa uhusika uitwao Dark Heresy (2008) unavyobuni asili ya wahusika waliozaliwa katika majiji ya viwanda yaliyosongamana hadi kufunika sayari. Hoja kuu ni kwamba mchezo huo unachanganya mambo mawili ambayo Kiswahili kina maneno ya kuyatenga: asili, yaani kile ambacho mtu anadhaniwa kuwa nacho tangu kuzaliwa, na makuzi, yaani kile alichojifunza kwa kuishi mahali fulani pamoja na watu fulani. Kipimo cha hoja ni Kanzenze, sekta ya Wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, ambako msongamano haukuletwa na viwanda, katika nchi inayoijua gharama ya kumwandikia mtu asili kwenye kadi. Jedwali la mchezo linalinganishwa na masimulizi ya André Yav kuhusu jiji la Elisabethville (1965), riwaya ya Walenisi (1995) na filamu ya Neptune Frost (2021). Mwishoni yanapendekezwa istilahi na maswali manne ya kumwandaa mhusika, kwa matumizi ya ufundishaji wa Kiswahili.

1. Utangulizi

Mchezo wa kuvaa uhusika huchezwa kwa maneno. Watu wachache huketi kuizunguka meza. Mmoja wao, msimamizi, husimulia dunia na matukio yake, na kila mmoja wa waliosalia husema na kutenda kwa niaba ya mhusika aliyemwandaa. Dadu huamua pale ambapo matokeo hayana hakika. Kabla ya usimulizi kuanza, kila mchezaji hujaza karatasi ya mhusika: jina, kazi, uwezo kwa tarakimu na, katika michezo mingi, mahali alikozaliwa.

Kwa mhakiki wa fasihi, karatasi hiyo ni matini yenye nadharia yake ya uhusika. Riwaya humfunua mhusika hatua kwa hatua, na msomaji humhukumu kwa matendo yake. Karatasi humtangaza mhusika kabla hajatenda lolote. Kinachoandikwa katika nafasi ya mahali pa kuzaliwa huamua mapema nini kitakuwa rahisi kwake na nini kitakuwa kigumu. Ndiyo maana nafasi hiyo inastahili uhakiki wake wenyewe.

Suala hili linawahusu pia washauri wa sera. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na changamoto ya kila mwalimu wa lugha ya ziada ni kumpata mwanafunzi anayezungumza bila kukariri. Mchezo wa kuvaa uhusika humlazimu mwanafunzi kuuliza, kukana, kushawishi, kusimulia na kuomba radhi, tena kwa sentensi ambazo hakuna kitabu kilichomwandalia. Ni nyenzo yenye thamani. Lakini atakayeileta darasani atalazimika kuitafsiri karatasi ya mhusika, na neno la kwanza litakalomjia kwa ajili ya nafasi ile ni asili. Makala hii inadai kwamba neno hilo, pamoja na jedwali linaloliandama, lichunguzwe kabla ya kutafsiriwa.

2. Kutoka mapango ya chuma hadi mizinga

Wazo la jiji linalokuwa dunia nzima lina historia katika bunilizi ya kisayansi. Isaac Asimov alilipa umbo maarufu mara mbili. Katika Foundation (1951) aliibuni Trantor, sayari iliyofunikwa na jiji moja lenye wakazi wapatao bilioni 40, ambayo haiwezi kujilisha na hutegemea chakula kutoka sayari nyingine. Katika The Caves of Steel (1954) alibuni Dunia ambayo watu wake wanaishi ndani ya majiji yaliyofunikwa, wakila katika kumbi za pamoja na kuogopa anga iliyo wazi. Katika riwaya hizo mbili msongamano una sababu: utawala katika ya kwanza, uhaba na mgao katika ya pili. Msomaji anajua nini kiliwakusanya watu.

Ulimwengu wa Warhammer 40,000, ulioanza mwaka 1987 kama mchezo wa vita wa mezani, uliirithi taswira hiyo na kuifanya ya kutisha zaidi. Majiji yake ni minara mirefu kama milima, yenye viwanda chini, wakuu juu, na mabilioni ya watu katikati ambao huenda wasilione jua maisha yao yote. Kwa Kiingereza majiji hayo yamepewa jina la makazi ya nyuki. Dark Heresy, uliotolewa mwaka 2008, ndio uliomruhusu mchezaji kuvaa uhusika wa mkazi wa kawaida wa ulimwengu huo badala ya kuongoza majeshi. Hapo ndipo swali la asili lilipojitokeza: mtu aliyezaliwa ndani ya jiji kama hilo ni mtu wa namna gani?

3. Jedwali linasema nini

Toleo la kwanza la mchezo lina aina nne za ulimwengu wa kuzaliwa: ulimwengu wa kishenzi, ulimwengu wa jiji-mnara, ulimwengu wa kawaida wa milki, na maisha ya chomboni angani. Mchezaji huchagua au hurusha dadu. Kila mhusika ana sifa tisa za msingi, na kwa kawaida kila sifa hupatikana kwa kurusha dadu mbili za nyuso kumi na kuongeza 20. Ulimwengu wa kuzaliwa hubadilisha nyongeza hiyo. Aliyezaliwa katika ulimwengu wa kishenzi huanza na 25 katika nguvu na ustahimilivu wa mwili, lakini 15 katika utashi na katika mvuto kwa watu. Aliyezaliwa katika jiji-mnara huanza na 15 katika ustahimilivu na 25 katika mvuto kwa watu. Jedwali la kazi nalo limegawanywa kwa misingi hiyo hiyo, hivi kwamba mahali pa kuzaliwa panaelekeza kazi ambazo mhusika anaweza kuzipata.

Baada ya tarakimu hufuata tabia maalumu. Mzaliwa wa jiji-mnara hupita katikati ya umati bila kukwama pale ambapo mgeni angezuiwa. Ana ufahamu wa kimsingi wa mashine, kwa kuwa amezungukwa nazo tangu utotoni. Ni mwepesi wa kushtuka na kuchukua hatua. Kwa upande mwingine, hufadhaika anapokuwa nje ya kuta alizozizoea, na hajui kuishi porini.

Sehemu hizi mbili za jedwali hazina thamani sawa. Tabia maalumu ni makuzi: kila moja inaweza kuelezwa kwa sentensi inayoanza na "kwa sababu alizoea". Mtoto anayetumwa maji kila siku katika ujia wenye watu elfu atajifunza kupenya umati. Hilo halihitaji damu ya pekee. Isitoshe, kila tabia ina mipaka ya mahali. Wepesi wa kupenya umati hauna faida pasipo umati. Hapa mchezo unakubaliana na hekima ya wahenga kwamba mcheza kwao hutuzwa: tuzo iko katika uhusiano wa mtu na mahali pake.

Tarakimu za msingi ni jambo jingine. Upungufu wa ustahimilivu humfuata mhusika kila aendako na haumwachi hata akiishi miaka 30 mashambani. Haukusimuliwa, umepimwa tu. Jedwali halisemi kama mwili wake ni dhaifu kwa sababu ya hewa chafu, njaa, zamu ndefu za kiwandani au ukosefu wa zahanati. Linasema amezaliwa huko, basi ni dhaifu. Matokeo ya udhalimu yamegeuzwa kuwa maumbile ya aliyedhulumiwa.

Mtetezi wa mchezo ana jibu lenye uzito. Milki inayosawiriwa ni katili kwa makusudi, atasema, na jedwali linaonyesha ukatili huo. Jibu hilo lingetosha kama tarakimu zingekuwa maoni ya milki kuhusu raia wake, kwa mfano fomu ya serikali ambayo mhusika anaweza kuipinga na kuionyesha kuwa na makosa. Lakini tarakimu si maoni ya mhusika yeyote ndani ya hadithi. Ni sauti ya kanuni zenyewe, na dadu huzitii. Kejeli isiyompa mlengwa nafasi ya kuipinga huishia kuwa kanuni.

Wala haiwezi kusemwa kwamba aina hii ya mchezo hailazimiki kufanya vingine. Traveller, uliotolewa mwaka 1977 na Marc Miller, ulizielezea sayari kwa tarakimu za idadi ya watu, utawala, sheria na teknolojia, lakini toleo lake la kwanza halikumwekea mhusika alama za mwili kwa sayari alikozaliwa. Mhusika alianza akiwa na umri wa miaka 18, akaingia katika utumishi au biashara, na kwa kila kipindi cha miaka minne alipata ujuzi uliotokana na kazi aliyoifanya. Sayari ilipimwa, mtu alisimuliwa. Miaka 31 baadaye Dark Heresy ulimpima mtu kwa sayari yake.

4. Kanzenze kama kipimo

Kwa nini hoja hii ipimwe Kanzenze? Kwa sababu jedwali linajengwa juu ya mgawanyo wa mashamba na jiji, na Kanzenze inauvunja mgawanyo huo. Sekta hii ni mojawapo ya sekta 12 za Wilaya ya Rubavu, katika nyanda za juu nyuma ya mji wa Gisenyi. Kwa jedwali la mchezo, mkazi wa milima ya mashamba angewekwa upande wa dunia zenye watu wachache na miili mikakamavu, mbali na umati na mbali na mashine. Lakini sensa ya Rwanda ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 13.2, wastani wa watu 503 kwa kilomita moja ya mraba, huku zaidi ya asilimia 70 yao wakiishi vijijini. Wilaya ya Rubavu peke yake ilikuwa na wakazi zaidi ya 546,000. Huku msongamano uko mlimani, kati ya mashamba, bila mnara hata mmoja wa chuma.

Tena mkulima wa mlimani si mgeni wa umati. Chini ya milima hiyo, Gisenyi na Goma ni miji miwili iliyogusana, na kabla ya janga la UVIKO-19 makumi ya maelfu ya watu walivuka mpaka huo kila siku, wengi wao kwa miguu wakiwa na mboga, maziwa, nguo na vyombo. Anayepeleka bidhaa Goma asubuhi na kurudi jioni hupenya umati, husoma nyuso za maofisa, hubadili lugha na fedha kabla ya saa nne, kisha hurudi kupalilia. Karatasi ya mchezo ingemlazimu kuchagua moja: kujua umati au kujua shamba.

Swali la wapi alikotoka halina jibu moja pia. Utawala wa Ubelgiji ulihamisha Wanyarwanda kwenda Masisi kuanzia mwaka 1937. Wengine walikimbilia Kongo kuanzia mwaka 1959, na baadhi ya vizazi vyao wakarejea baada ya 1994. Katika kipindi hicho cha marejeo, sehemu kubwa ya msitu wa Gishwati, uliowahi kuenea hadi katika eneo la wilaya hii, ilifyekwa kwa ajili ya makazi na malisho. Mtu wa nyanda hizi anaweza kuwa na babu aliyezaliwa Rwanda, mama aliyezaliwa Masisi na mtoto aliyezaliwa Goma. Kuzaliwa mahali fulani kwake ni tukio moja katika safari ndefu, na halitoshi kueleza mwili wala moyo wake.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Katika miaka ya 1930 utawala wa kikoloni uliwaandikia Wanyarwanda vitambulisho vilivyotaja ubwoko wa kila mmoja. Neno ubwoko lilikuwa pia jina la ukoo mpana, kama Abasinga au Abazigaba, na ndani ya ukoo mmoja walikuwamo Wahutu, Watutsi na Watwa. Kadi ililibana neno hilo libaki na maana moja tu, iliyorithiwa na isiyobadilika. Chini ya Jamhuri ya Pili, sera ya iringaniza iligawa nafasi za shule na kazi kwa kufuata kabila na mkoa wa mtu, na tarakimu zikaamua nani asome. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kadi hizo zilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani kuamua nani afe. Baada ya hapo kipengele hicho kiliondolewa kwenye vitambulisho.

Mchezo wa mezani si kizuizi cha barabarani, na makala hii haidai kwamba wabunifu wake walikuwa na nia ya namna hiyo. Inadai jambo dogo zaidi ambalo ni gumu kulikana: umbo la jedwali ni lile lile. Kuna safu ya asili, kuna tarakimu mbele yake, na kuna orodha ya kazi zinazofunguka au kufungwa. Mwanafunzi wa Rubavu atakayejaza karatasi hiyo kwa Kiswahili atakuwa anajizoeza, kwa furaha na kicheko, tendo ambalo nchi yake ilijitahidi kulifuta kwenye kadi. Mwalimu anayejua hilo hawezi kusema kwamba ni mchezo tu.

5. Jiji lililosimuliwa na waliolitumikia

Kama tarakimu hazifai kubuni asili ya jiji la viwanda, nini kinafaa? Jibu moja liko ndani ya Kiswahili chenyewe, na linaanza na watu waliotoka Rwanda. Katika miaka ya 1920 kampuni ya madini ya Union Minière iliandikisha wafanyakazi katika Ruanda-Urundi na kuwapeleka Katanga. Jiji la Elisabethville, Lubumbashi ya leo, lilikuwa limeanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Kambi zake zilikusanya watu wa Kasai, wa Rhodesia, wa Katanga yenyewe na wa milima ya mashariki, wasioelewana kwa lugha zao za mama. Johannes Fabian ameonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi Kiswahili kilivyokuja kuwa lugha ya kazi na ya amri katika Katanga ya kikoloni. Baadaye kikawa pia lugha ya nyumbani, ya mapenzi na ya matani. Kiswahili cha Lubumbashi ni mtoto wa jiji la viwanda.

Mwaka 1965, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, André Yav aliandaa historia ya jiji hilo kwa Kiswahili cha huko huko, kisichofuata tahajia sanifu. Fabian aliichapisha pamoja na ufafanuzi mwaka 1990. Mtazamo wa matini hayo ni wa watu waliofua, waliopika na waliosikia mazungumzo ya mezani kwa mabwana wao. Jiji linasimuliwa kupitia kazi na ujira, kupitia waajiri wema na wabaya, na kupitia majina ambayo Waafrika waliwapa Wazungu bila wenyewe kuulizwa. Hili la majina linastahili kutiliwa mkazo. Kampuni iliwaandika wafanyakazi katika daftari lake. Watumishi nao walikuwa na daftari lao la kichwani, ambamo aliyeandika naye aliandikwa.

Kwa uhakiki wa mchezo, somo lake liko wazi. Yav hamwambii msomaji kwamba mtu wa Elisabethville ana ustahimilivu wa kiasi gani. Anamweleza nani alimleta nani, kwa kazi gani, kwa malipo gani na kwa jina gani. Hiyo ni asili inayosimuliwa. Mchezaji akipewa asili ya namna hiyo huanza mchezo akiwa na madeni, marafiki, ujuzi na kinyongo, yaani vitu vinavyozaa vitendo. Tarakimu humpa uwezekano wa kushinda tu.

6. Wale na sisi

Bunilizi ya Afrika Mashariki nayo imelijibu swali hili. Katika Walenisi (1995), Katama Mkangi anamrusha Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo, kwa chombo cha angani hadi katika dunia ya watu wengine. Jina la dunia hiyo likitamkwa polepole linajitegua: wale ni sisi. Tofauti ya watu wa huko na watu wa alikotoka Dzombo haimo katika miili yao. Imo katika namna walivyoamua kuishi pamoja. Mkangi aliyaweka ndani ya jina moja yale ambayo jedwali la asili linashindwa kuyasema: kwamba sayari nyingine ni hoja kuhusu jamii hii, na haina haja ya kubuni spishi nyingine ya binadamu.

Filamu ya Neptune Frost (2021), iliyoongozwa na Saul Williams na Anisia Uzeyman na kupigwa picha Rwanda, inakaribia zaidi mada ya viwanda. Hadithi yake imewekwa katika milima ya Burundi, na wahusika wake huzungumza kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Matalusa ni mchimba koltani ambaye ndugu yake anauawa mgodini. Anakimbia na kufika katika jumuiya ya wadukuzi inayojijenga kwa mabaki ya kompyuta, na mavazi yaliyobuniwa na Cedric Mizero yametengenezwa kwa taka za namna hiyo. Mnyororo wa viwanda vya dunia unaonekana pande zote mbili: madini yanatoka mlimani, na mashine zilizokufa zinarudi mlimani. Hakuna mnara wa chuma, lakini sayari-jiji ipo, na hawa ndio wanaoibeba. Matalusa anatambulishwa kwa kazi, kwa msiba na kwa watu waliompokea. Hayo ni makuzi tena, na yanatosha kuendesha hadithi nzima.

Filamu hii pia inaonyesha kasoro ambayo tarakimu za mchezo zimeificha. Katika Dark Heresy jiji-mnara ni mahali pa kutoka, na mhusika hulibeba begani kama alama. Mahali ambapo jiji hilo linapata chuma chake na chakula chake hapaulizwi wakati wa kumwandaa mhusika. Asimov aliuliza kuhusu Trantor. Mtazamaji wa Rubavu, anayeishi kando ya eneo la migodi ya Kivu, ana haki ya kuuliza vilevile.

7. Suala la istilahi

Uchaguzi wa maneno utaamua ni fasiri ipi ya mchezo itaingia katika Kiswahili. Maneno matatu yanahitaji uamuzi.

La kwanza ni asili. Neno hili lina maana ya chanzo na pia maana ya maumbile yasiyobadilika. Mtu akisemwa kuwa mkali kwa asili yake, hakuna anayetarajia abadilike. Kulitumia kama kichwa cha safu ya mahali pa kuzaliwa ni kuchagua maana ya pili bila kujua. Kiswahili kina mbadala. Kwao hutaja mahali pamoja na watu wa mahali hapo, na hubadilika kwa nafsi: kwetu, kwenu, kwao. Makuzi hutaja muda na mafunzo. Inapendekezwa kwamba safu ya mahali iitwe kwao, na safu ya ujuzi uliotokana na mahali hapo iitwe makuzi. Asili ibaki neno la wahusika ndani ya hadithi, walitumie kujisifu au kutukanana, nao wajibizane.

La pili ni jina la jiji lenyewe. Tafsiri ya moja kwa moja ya jina la Kiingereza ni mzinga. Neno hili lina matatizo mawili. Mzinga wa nyuki katika mazingira ya Afrika Mashariki hutundikwa mtini na huleta asali. Hisia yake ni ya neema, si ya dhiki. Na mzinga ni pia silaha. Mnamo Januari 2025, wakati wa mapigano ya Goma, makombora yaliangukia upande wa Rubavu na kuua raia. Katika darasa la wilaya hiyo, mizinga haitasikika kwanza kama makazi ya nyuki. Neno linalofaa zaidi ni kichuguu: mnara unaoinuka kutoka ardhini, wenye vyumba vingi vya chini visivyoonekana, uliojengwa na wafanyakazi wadogo kwa udongo waliobeba wenyewe. Jiji moja la namna hiyo liitwe jiji-kichuguu, na sayari iliyofunikwa nayo iitwe sayari-jiji.

La tatu ni jina la ulimwengu wa kishenzi. Neno mshenzi lina historia ndefu ya watu wa mwambao kuwadharau watu wa bara, na nchini Rwanda jina Mswahili nalo limewahi kutumiwa kumtenga mtu wa mjini kama mgeni au mjanja. Lugha iliyorusha dharau na kurushiwa dharau haina sababu ya kuipokea nyingine kwa njia ya tafsiri. Ulimwengu wa mashamba na misitu unatosha.

8. Maswali manne badala ya jedwali

Pendekezo la makala hii ni kwamba tarakimu za msingi zifanane kwa wahusika wote, jedwali la kazi lifunguliwe kwa kila mtu, na tabia maalumu zitokane na majibu ya maswali manne. Nani wa kwanza katika jamaa yako kufika hapa, na nini kilimleta? Mikono yako inajua kazi gani, na uliifunzwa na nani? Unazungumza lugha gani na nani? Wapi wewe ni mgeni, na nani hukupokea huko? Kila jibu humpa mhusika faida moja mahali panapohusika, na kila faida ina upande wake wa gharama.

Chukuliwe mfano wa mhusika wa jiji-kichuguu. Kwa jedwali la awali, ni mtu mwenye ustahimilivu pungufu na mvuto wa ziada. Kwa maswali manne, anaweza kuwa mjukuu wa mwanamke aliyeshuka kutoka bonde la mashamba baada ya bonde hilo kuchukuliwa kwa ajili ya bwawa. Anajua kuziba mabomba ya mvuke, kazi aliyofunzwa na jirani aliyepoteza vidole viwili katika kazi hiyo. Nyumbani anazungumza lugha ya bonde, ambayo msimamizi wa zamu haielewi. Ghorofa za juu ni mgeni, lakini mpishi mmoja wa huko humwachia mlango. Kifua chake kikiwa kibovu, sababu inajulikana ni mvuke, na tiba inaweza kutafutwa ndani ya hadithi. Mchezaji anayo mambo matano ya kuzungumza kabla dadu haijarushwa, na mwalimu anayo masomo ya njeo, vihusishi vya mahali na msamiati wa kazi.

Pingamizi moja linabaki: wachezaji hupenda tarakimu, kwa kuwa tarakimu huleta tofauti na tofauti huleta ladha. Ni kweli. Lakini tofauti zinazotokana na kazi, lugha na mapokezi ni nyingi kuliko nne, na mchezaji huzibuni mwenyewe. Dadu haipotezi kazi yake. Inaamua yatakayotokea, na inaacha kuamua mtu ni nani.

9. Hitimisho

Dark Heresy uliona jambo la kweli kuhusu majiji yaliyosongamana: kwamba watu wake hujifunza namna ya kupita, kusikia na kushtuka ambayo wengine hawana. Kosa lake ni kuliandika jambo hilo mwilini. Kanzenze inalifichua kosa hilo kwa msongamano wake wa mashamba, kwa wavukaji wake wa mpaka na kwa kumbukumbu ya nchi yake. Masimulizi ya Yav, riwaya ya Mkangi na filamu ya Williams na Uzeyman yanaonyesha kwamba jiji la viwanda, hata likifunika sayari, linaweza kupewa chanzo bila kumpa mtu alama.

Taasisi zinazosanifu istilahi na kuandaa mitaala katika Jumuiya ya Afrika Mashariki zinashauriwa kuitazama michezo ya kuvaa uhusika kama matini ya kufundishia yenye uzito sawa na tamthilia, na kuihakiki kabla ya kuitafsiri. Mwanafunzi wa Rubavu atakapopewa karatasi ya mhusika, aulizwe kwao ni wapi, amekulia nini na nani alimfunza. Asiulizwe yeye ni wa asili gani.